Gundi ya Ukurasa wa Ndege

8 Februari 1986

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi, na baada ya salamu nipe habari za huko. Baridi imepungua, au bado unavaa soksi mbili mbili kama ulivyotuandikia mwaka jana? Sisi ni wazima, ila kiuno changu kinanikumbusha kila jioni kwamba kusimama mbele ya pasi si kazi ya mtu wa umri wangu. Duka la dobi linakwenda. Watu hawajaacha kuchafua nguo, kwa hiyo bado tunakula.

Sasa nikwambie lililonikalisha na kalamu. Nimempeleka Mama kwa daktari wa macho. Amesema ni presha ya macho, na imeshakula sehemu kubwa. Dawa ya matone itaichelewesha, haitaizuia. Nilimwuliza muda gani, akasema labda mwaka, labda pungufu. Mama alikuwa amekaa palepale na alisikia yote. Tulipofika mlangoni kwetu ndipo aliposema, "Mwandikie mdogo wako. Nataka kumwona kabla sijawa mtu wa kupapasa."

Nimeyaandika maneno yake kama yalivyotoka. Baba tulimzika bila wewe na sikukulaumu, kwa sababu maiti hangoji mtu na safari yako ni ndefu. Hili linangoja, lakini si sana. Njoo.

Dada yako


2 Machi 1986

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nashukuru kwa barua, ingawa habari zake zimenikata maini. Mimi sijambo, mafua tu, nayo hapa ni kama kodi, kila mtu hulipa. Mpe Mama shikamoo yangu na umwambie namkumbuka kila siku.

Dada, kuja nataka. Lakini mkono mtupu haulambwi. Nitashukaje huko baada ya miaka yote hii bila hata nauli ya kurudia? Bado nipo kwa yule mzee anayeuza stempu za zamani kwa njia ya barua. Nafanya kazi kwenye chumba chake cha chini, nafunga bahasha kutwa, na mshahara unaishia kwa mwenye nyumba.

Lakini nimepata wazo. Albamu ya Baba si bado ipo? Ndani yake kuna ule ukurasa wa stempu za ndege, korongo na wenzake, aliokuwa akiuonyesha kila mgeni. Wale ndege wakiuzwa huku, hiyo ndiyo nauli yangu.

Kwanza lazima nijue hali ya gundi. Wanunuzi wa huku hawahangaiki na uso wa stempu, wanaangalia mgongo. Nakunakilia maelezo ambayo bosi huwapa wateja wapya. Stempu ambayo haijatumika na gundi yake imetulia kama ilivyotoka kiwandani huitwa yenye gundi ya asili, haijabandikwa. Hiyo ndiyo mfalme. Kama mwenyewe aliibandika kwenye albamu kwa kile kikaratasi chembamba kinachokunjwa, gundi hubaki na alama, nayo huitwa yenye alama ya kibandiko, na bei hushuka. Kuna yenye gundi iliyopasuka, kuna yenye gundi ya manjano kwa sababu ya joto, na kuna isiyo na gundi kabisa. Halafu kuna ya matapeli, iliyopakwa gundi upya ili idanganye. Hiyo hujulikana kwenye meno ya pembeni. Gundi ya kiwandani hupakwa kabla karatasi haijatobolewa, kwa hiyo meno huwa laini. Gundi ya kupakwa baadaye huingia kwenye meno, yakawa magumu, yanachoma kidole.

Zigeuze moja moja kwa kibano, si kwa mkono. Tazama mgongo, papasa meno, kisha uniandikie.

Mdogo wako


28 Machi 1986

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Mafua yameisha? Hapa ni heri, ila mvua imezuia nguo zisikauke, na duka zima linanuka kama mbwa aliyerowa. Mama anakusalimu. Tangu nilipomsomea barua yako amekuwa mtu mwingine. Ameanza kuuliza chumba chako kina panya au hakina.

Kazi yako nimeifanya. Nilifunga duka mapema, nikanawa, nikakaa mezani na kibano cha nyusi, maana kingine sina, na Mama akakaa kando yangu kama hakimu. Kwanza nikwambie kwamba hao wanunuzi wako wananichekesha. Stempu inaulizwa maswali kuliko bibi harusi. Imeguswa? Haijaguswa? Iliguswa na nani? Mtu ana uso mzuri wa korongo mbele yake, yeye anataka kuona mgongo.

Haya, mgongo huu hapa. Ndege wote wana kikaratasi kile kilichokunjwa, kila mmoja chake. Kwenye kurasa nyingine zote Baba aliziweka stempu ndani ya vifuko vya plastiki, bila kubandika kitu. Ndege tu ndio aliowabandika. Nimemwuliza Mama sababu, akasema Baba alikuwa na mambo yake. Gundi yenyewe inang'aa, haikupasuka. Kuhusu meno, nilipapasa, lakini vidole vyangu unavijua. Miaka ya pasi imevitia sugu, naweza kushika mfuniko wa sufuria jikoni bila kitambaa. Meno ya stempu siyasikii kabisa.

Niambie basi kama zinatosha. Na huo mkono mtupu, nani amekwambia Mama anataka kuulamba?

Dada yako


20 Aprili 1986

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi nyingi tu.

Nimesikitika kuhusu vikaratasi. Nilikuwa nimeshaanza kuulizia bei ya tiketi. Ndege wasiokuwa na alama ni kitu kingine kabisa, watu wangegombania. Wenye alama ya kibandiko ni nusu, na pengine si nusu. Baba alijua mambo mengi, lakini hapa sijui aliingiwa na nini. Kwa hali hiyo sioni kama zitafika nauli.

Na meno bado hujaniambia. Tafuta mtu mwenye vidole akupapasie, ndipo tujue moja.

Msalimie Mama. Mwambie najitahidi.

Mdogo wako


11 Mei 1986

Mdogo wangu mpendwa,

Natumai uko salama, maana leo nataka ufurahi ukiwa na afya yako yote. Sisi wazima. Mama anakusalimu kwa kicheko.

Wewe uko kwenye chumba cha chini unasikitikia vikaratasi, umesahau dada yako anafanya kazi gani. Nimetoa wino kwenye shati la mwanasheria. Nimetoa damu, nimetoa lami, nimetoa rangi ya midomo kwenye kola za waume za watu na sikusema kitu kwa mtu. Nitashindwa na kikaratasi?

Nilichemsha birika, nikashika kila ndege juu ya mvuke kidogo tu, na kikaratasi kikajifungua chenyewe. Chini yake palibaki baka, kwa hiyo nikapitisha kitambaa chenye unyevu, taratibu, kutoka katikati kwenda pembeni kama tunavyofanya kwa hariri. Baka likaondoka. Nikawalaza kati ya karatasi za kukaushia wino, nikapitisha pasi ya uvuguvugu. Sasa mgongo ni mweupe pe. Hakuna alama ya kibandiko wala ya kitu chochote. Aliyewachapa kiwandani akiwaona atadhani aliwatoa jana.

Wanne wakubwa wa mstari wa juu nimewaacha kwanza. Hao nitawafanya nikisikia umefurahia wenzao. Waliobaki wamo humu ndani, nimewatuma kwa rejista. Mama ameshauliza ukifika upikiwe nini siku ya kwanza. Nimemwambia atulie, mtu hapikiwi akiwa angali baharini.

Dada yako anayejisifu


15 Juni 1986

Dada,

Bahasha nimeipata. Nilimpa bosi aifungue yeye, kwa sababu nilikuwa nimemsimulia. Akageuza wa kwanza, akageuza wa pili, kisha akaniuliza kama ni utani.

Hakuna gundi. Umeifua. Ulichokipangusa kwa kitambaa si baka, ni gundi yenyewe, na hiyo ndiyo iliyokuwa mali. Nilikwandikia kwa urefu, neno kwa neno, hali za gundi ni zipi, na wewe ukachukua birika. Stempu isiyo na gundi iko chini hata ya ile yenye kikaratasi. Kumi kama hizi bosi huwapa watoto wachezee.

Umefua nauli yangu. Mama akiuliza, mwambie kwamba nilikuwa tayari kuja, na umwambie ni nani aliyezuia.

Mdogo wako


3 Agosti 1986

Mdogo wangu,

Hujambo? Ni barua ya tatu hii nakuandikia, mbili za kwanza nimezichana. Natumai hasira imepungua na afya ni njema.

Nimemwambia Mama kama ulivyoagiza. Nilidhani atanilaumu. Alichosema ni, "Kwa hiyo alikuwa tayari kuja?" Nikasema ndiyo. Akaniuliza tena, nikasema ndiyo. Siku ile nzima alikuwa na furaha, akanisamehe hata sikuwa nimeomba. Mimi ndiye niliyeshindwa kula.

Sina la kujitetea. Niliona doa nikalitoa, ndiyo akili niliyo nayo. Nimechukua zabuni ya shuka za hospitali, nazifua Jumapili baada ya kazi zangu za kawaida, na malipo yake naweka pembeni kwa ajili ya nauli yako. Haitakuwa upesi, lakini nilichoharibu nitakilipa. Macho ya Mama yanakwenda. Sasa anamwaga chai nje ya kikombe na anakasirika nikimsaidia.

Wale wanne wapo, sijawagusa. Ukiwataka niambie niwatume vipi. Niandikie hata mstari mmoja wa kunitukana.

Dada yako


2 Novemba 1986

Mdogo wangu,

Salamu. Afya yako sijui, hujaandika tangu Juni. Yetu ni hii hapa: Mama haoni tena sura za watu. Anaona mwili unaopita, basi. Ananijua kwa harufu ya sabuni.

Kaa chini usome vizuri, kwa sababu leo sitachana.

Juma lililopita Mama aliniomba albamu ya Baba, apitishe mikono tu. Nikamwekea mapajani, nikampa wale ndege wanne mmoja mmoja. Akawapapasa kwa ncha za vidole, kisha akasema, "Hawa wanachoma." Nikadhani kasema tu. Nikampa stempu ya ukurasa mwingine, iliyokuwa kwenye kifuko. Akasema, "Hii laini." Nikamrudishia ndege. "Inachoma." Nikamchanganyia makusudi, na hakukosea hata mara moja. Uliniambia nitafute mtu mwenye vidole. Nilikuwa naye pale mezani tangu Machi.

Barua yako ya Machi naijua kwa moyo, niliisoma sana wakati najilaumu. Meno magumu ni gundi iliyopakwa upya. Nilidhani Baba alitapeliwa. Nikamwonea huruma, nikafunga ndege mmoja kwenye karatasi, nikaenda kwa yule mzee wa stempu wa hapa kwetu, mwenye kibanda cha kioo chini ya ngazi za posta. Bado yupo, kiziwi kidogo, na kikombe chake kilekile cha bati.

Aligeuza mara moja tu. Akasema, "Hii niliiuza mimi."

Akanieleza bila hata mimi kumsukuma, kwa kuwa hajui wewe ni nani wangu. Alisema miaka hiyo alikuja kijana na seti nzima ya ndege, gundi ya asili, haijabandikwa, safi kuliko zote alizowahi kushika. Akainunua. Halafu yule kijana akamwomba seti ileile ya bei ya chini, sura zifanane tu, gundi yoyote. Mzee akamuuzia iliyopakwa upya na kumwambia wazi kwamba imepakwa upya. Kijana akasema haidhuru, ni ya kujaza nafasi. Nilimwuliza ni mwaka gani. Ni mwaka uliosafiri wewe, ile safari ambayo ulituambia nauli umekopeshwa na rafiki.

Kikulacho ki nguoni mwako. Na mimi nguo ndiyo kazi yangu, nikakosa kukiona.

Kwa hiyo ulijua. Ulipoandika kwamba ndege ndio nauli yako ulijua hawana thamani, kwa sababu wenye thamani ulishawala. Nimefikiri kwa nini basi ulinituma nipapase meno, na nadhani nimekuelewa. Ulitaka nigundue mwenyewe kwamba ni feki, nimlaumu Baba au mwuzaji, nawe ubaki kijana mwema aliyekosa nauli. Mimi nikachukua birika, nikakupa kisingizio kitamu zaidi. Ukanipa mzigo wako niubebe. Niliubeba kuanzia Juni, mdogo wangu. Nimefua shuka za wagonjwa kwa dhambi yako.

Bado sijamaliza. Nilipokuwa natoka mzee akaniita. Akasema kuna mtu mwingine aliyewahi kumletea ndege huyo huyo. Mtu mzima, mpole, miwani yake imefungwa uzi. Yule mtu aligeuza ndege mgongo juu, akauliza kama kijana aliyeleta seti nzuri alilipwa haki yake. Mzee akasema alimlipa vizuri. Yule mtu akashukuru, akanunua pakiti ya vikaratasi vya kubandikia. Mzee alishangaa, maana alimjua kama mtu anayevichukia, hakuna mpenda stempu anayeibandika iliyo nzuri. Akamwuliza. Yule mtu akajibu, "Hizi hazina tena cha kuharibika."

Baba alijua. Alijua tangu mwaka ule. Aliwabandika mwenyewe kwa mkono wake, akaendelea kuwaonyesha wageni, na hakumwambia mtu, hata Mama. Hivyo vikaratasi ulivyosikitikia, ukaniandikia kwamba hujui Baba aliingiwa na nini, vilikuwa habari zako.

Mama hajaniuliza nilikwenda wapi siku ile. Nami sijamwambia.

Dada yako


7 Desemba 1986

Dada,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi kwa hiyo naanzia hapa.

Hukuwa na haki ya kwenda kuulizia habari zangu kwa mtu baki. Ungeniuliza mimi. Nilikuwa kijana, kazi hakuna, na kila siku watu wakiniuliza nafanya nini na maisha yangu. Wewe ulikuwa na duka lako. Ningeondokaje? Zilikuwa zimekaa tu kwenye albamu, na Baba alikuwa na nyingine nyingi. Nilijiambia nitazirudisha.

Kila barua aliyoniandikia, mpaka ya mwisho, aliimalizia kwa kusema ndege wote wapo. Nilidhani hajui. Nilimwona akilini akiwainamia na kioo chake cha kukuzia, anajivunia takataka niliyomwekea mimi, na nikaapa sitaweza kukaa naye chumba kimoja. Hiyo ndiyo sababu sikuja, hata kwenye mazishi. Nauli ya mazishi nilikuwa nayo. Sasa unaniambia alijua. Mbona hakusema? Angesema neno moja ningekuja kwa miguu.

Nitumie wale wanne, na vikaratasi vyao kama alivyovibandika. Sitawauza.

Mdogo wako


25 Januari 1987

Mdogo wangu,

Heri ya mwaka mpya. Natumai u mzima. Kiuno changu kimepata nafuu, kwa sababu nimeuza ile mashine kubwa ya kupigia pasi shuka, na sasa nafanya nguo ndogo ndogo tu.

Unauliza mbona Baba hakusema. Alisema. Aliibandika stempu mtu ambaye hakuwahi kubandika stempu, kisha akakuandikia kila barua kwamba ndege wote wapo. Ungefungua albamu siku moja tu ungeelewa, na nyumba nzima ni wewe peke yako uliyefundishwa naye kusoma mgongo. Alikuwa anakungoja uje usome. Hukuja ukasoma, nikaja mimi na birika nikavifua vile vikaratasi, na hili nitakufa nalo. Wamebaki wanne.

Sitawatuma. Posta nimeshaitumia, nikaona ilivyonilipa. Wako mezani kwa Mama, kwenye ukurasa wao, na hakuna atakayewagusa. Ukiwataka, njoo uwachukue.

Nauli unayo. Fedha za mashine pamoja na za shuka nimezilipa kwa wakala wa tiketi, na karatasi yenye jina lako imo ndani ya bahasha hii. Usinishukuru, sikuuza kwa kukupenda. Niliuza ili usibakiwe na neno. Mkono mtupu umekwisha, aibu yako kwa Baba imekwisha, maana mwenyewe alishakusamehe kabla hujatua huko. Usipokuja safari hii, itakuwa hutaki, na mimi sitaandika tena kukuuliza kwa nini.

Mama hajui kama nimekutumia tiketi. Siku hizi anakaa mbele ya mlango asubuhi, kwa kuwa mwanga wa pale bado anauona. Mtu akisimama mlangoni anajua pana mtu, lakini hajui ni nani.

Ukifika itabidi ujitambulishe.

Dada yako